Presha ya oili iko chini baada ya kufunga injini ya jenereta: pa kuanzia na pa kuishia

Injini ya jenereta imefumuliwa hadi bloku, krenki imechongwa, beringi na ringi ni mpya, na imewaka kwa stata ya kwanza. Nusu saa baadaye, mzigo umeingia na injini imepata moto, paneli inasoma bar 1.4. Au inazima yenyewe na kuandika kwamba presha ya oili ni ndogo. Mwenye jenereta anamtazama fundi, fundi anatazama dumu la oili, na kauli ya kwanza kutoka ni ile ile: “Tuweke oili nzito kidogo.”

Usiweke. Oili nzito itapandisha mshale na kosa litabaki palepale. Injini iliyochoka kazini ikipoteza presha, kisa mara nyingi ni uchakavu, na mwenyewe anaweza kuamua kuisukuma hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Injini iliyofungwa juzi haijapata muda wa kuchakaa. Presha yake ikiwa chini, kuna kitu kilichopimwa vibaya, kilichosahauliwa, kilichofungwa kinyume au kilichoingia mahali pasipo pake. Kitu cha namna hiyo kinatafutika.

Mfano wangu hapa ni Cummins 6BT, silinda sita za lita 5.9, inayofungwa kwenye jenereta nyingi za karibu kVA 100 na kukimbia mizunguko 1500 kwa dakika kutoa umeme wa hezi 50. Mwenye Perkins au Deutz atafuata njia hii hii, ila namba achukue kwenye kitabu cha injini yake.

Pampu haitengenezi presha

Kazi ya pampu ni kusukuma oili tu. Presha inazaliwa pale oili inapolazimishwa kupita kwenye nafasi nyembamba: kati ya krenki na men beringi (zile zinazoibeba krenki kwenye bloku), kati ya krenki na beringi za konrodi, kwenye kamshafti, kwenye roka, kwenye tabo. Ndiyo maana presha ndogo ina pande mbili tu. Ama oili inayoingia kwenye njia kuu ya bloku ni kidogo, ama inayotoka inatoka kirahisi mno. Kila dalili utakayoiona, jiulize kwanza inakupeleka upande gani.

Nafasi hizo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Men jeno ya 6BT, yaani sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya men beringi, ina kipenyo cha milimita 83, na kanuni ya mafundi wengi ni nafasi ya karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani kama milimita 0.08. Jeno ya konrodi ni milimita 69, kwa hiyo inataka kama 0.07. Sasa, oili inayovuja kwenye mwanya wa namna hii haipandi sawasawa na mwanya. Mwanya ukiongezeka mara mbili, kwa presha ile ile, uvujaji unakaribia mara nane. Sehemu moja au mbili za mia za milimita zikipotea kwenye kuchonga, mshale utazionyesha, hata kama kwa mkono krenki inazunguka vizuri na hakuna mlio wowote.

Kwa familia hii ya Cummins kima cha chini kinachokubalika injini ikiwa na moto ni kPa 69 kwenye mwendo wa chini na kPa 207 kwenye mwendo wa kazi, yaani karibu bar 0.7 na bar 2.1. Jenereta haina haja na ile namba ya kwanza, maana ikishawaka inapanda hadi 1500 na kukaa huko. Shikilia bar 2.1. Hapa pana mtego: paneli nyingi zimewekwa kuzima injini presha ikishuka hadi karibu bar 1. Kwa hiyo injini inaweza kufanya kazi wiki nzima kwa bar 1.5, paneli kimya, beringi zinalika.

Geji kwanza, spana baadaye

Kabla ya kulegeza nati yoyote, chomoa sensa na ufunge geji ya mkono ya mshale mahali pake. Injini nyingi zimefumuliwa mara ya pili bure kwa sababu ya waya.

Angalia uzi wa tundu kabla ya kukaza. Tundu la inchi 1/8 na la milimita 10 yanafanana machoni, na adapta isiyo yake itaingia mizunguko miwili kisha ikukamatie. Ukiilazimisha, utakuwa umejiongezea kazi ya kutengeneza tundu kwenye bloku.

Geji ikisoma vizuri na paneli ikasoma vibaya, injini yako ni nzima. Tafuta kwenye umeme. Sensa za aina ya VDO zinazotumika sana kwenye jenereta huanza na ohm 10 pasipo presha na kupanda hadi 180 au zaidi kidogo presha ikijaa, na zipo za bar 5 na za bar 10. Ukifunga ya bar 10 huku paneli imepangwa kwa ya bar 5, presha ya bar 4 itasomeka kama bar 2. Fundi wa injini na fundi umeme wanaweza kulaumiana kutwa nzima juu ya jambo hilo. Waya wa sensa hii ukichubuka na kugusa bodi, paneli inaona sifuri. Ile ya Kimarekani inafanya kinyume, ohm 240 pasipo presha na 33 ikijaa, hivyo kutu kidogo kwenye kiungo chake kinatosha kushusha usomaji. Kama sensa ina waya mmoja, ardhi yake inapita kwenye uzi wenyewe. Tepu nyeupe ya mabomba ikizungushwa kwa ukarimu, umeikata.

Swichi ya kuzimia nayo ni kitu tofauti na sensa. Nyingi zinafunga sakiti presha ikikosekana na kuifungua presha ikifika. Waya wake ukigusa chuma popote, jenereta itazima ingawa presha ipo. Usiitibu swichi kwa kuichomoa. Najua hufanyika, hasa umeme wa TANESCO ukikatika usiku na bosi anapiga simu kila dakika tano. Lakini swichi hiyo ndiyo kitu pekee kinachosimama kati ya kosa dogo na krenki iliyonoki, yaani iliyoharibika kwa kukosa oili.

Geji ya mkono ikikubaliana na paneli, endelea chini.

Presha haikuja kabisa tangu stata ya kwanza

Cummins wanataka presha ionekane ndani ya sekunde 15 baada ya injini kuwaka. Isipoonekana, zima. Usisubiri “ipande taratibu”.

Sababu ya kawaida ni nyepesi: pampu ni kavu. Injini iliyofungwa mezani haina oili kwenye njia zake, na pampu ya meno iliyo kavu haina nguvu ya kufyonza kutoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wakati wa kufunga, pampu inatakiwa ijazwe vaselini, ambayo inayeyuka ikipata oili ya moto. Grisi ya beringi haifai kwa kazi hiyo, maana haiyeyuki vizuri na inaweza kwenda kuziba mahali. Kama ulishafunga bila vaselini, jaza filta oili, kisha sukuma oili kwa presha kupitia tundu la njia kuu. Halafu kata mafuta kwa kuchomoa solenoidi, piga stata si zaidi ya sekunde 30 kwa mkupuo, ipumzishe dakika mbili, urudie hadi geji iinuke. Mimina oili pia kwenye bomba la tabo kabla ya kulifunga.

Ikikataa baada ya hapo, fikiria plagi za njia za oili. Bloku ikienda kuoshwa, plagi zinatolewa ili brashi ipite. Moja ikisahauliwa nyuma ya kava ya mbele au nyuma ya hauzingi ya flaiwili, oili yote inamwagika ndani na kurudi kwenye sampu. Nje huoni hata tone. Hiki ni kisa kinachomsumbua mtu kwa siku, maana kila kitu anachokiangalia ni kizima. Muulize aliyeosha bloku alitoa plagi ngapi na alirudisha ngapi. Akisita, umeshapata pa kuanzia.

Pampu yenyewe kwenye 6BT iko nyuma ya kava ya mbele, inaendeshwa na gia ya krenki. Ukiifungua pima kwa fila (bamba nyembamba za kupimia mwanya): kati ya ncha za meno isizidi milimita 0.18, kati ya uso wa meno na bamba isizidi 0.13, kati ya ringi ya nje na nyumba yake isizidi 0.38. Watu hubadilisha beringi zote, pistoni zote, kisha wanarudisha pampu ile ile iliyokula mchanga miaka kumi, kwa kuwa “ilikuwa inafanya kazi”. Ilikuwa inafanya kazi, lakini pamoja na injini nyingine iliyochakaa kwa namna yake.

Ikiwa baridi ni nzuri, ikipata moto inashuka

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na inastahili muda wako mwingi.

Oili ya 15W-40 kwenye nyuzi 100 ni nyepesi karibu mara saba kuliko ilivyo kwenye nyuzi 40. Asubuhi injini ya baridi itaonyesha bar 4 hata kama beringi zake zimelegea, maana oili yenyewe ni nzito kiasi cha kujizuia kutoka. Kwa hiyo kipimo cha baridi hakina maana yoyote katika kesi hii. Weka mzigo wa nusu au zaidi, subiri maji yafike joto lake la kazi na oili ikae humo dakika 20 au 30, ndipo usome.

Ikishuka polepole kadiri joto linavyopanda na kutulia mahali pa chini, oili inatoka kirahisi mno. Mshukiwa wa kwanza ni nafasi ya beringi, na aliyesababisha mara nyingi yuko karakana ya kuchonga krenki. Si lazima awe mzembe. Fikiria krenki inayotoka kwenye jiwe ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya hewa ya karakana. Jeno ya milimita 83 imevimba kwa karibu 0.02. Mchongaji anapima, anaona imefika saizi, anaishusha. Ikipoa inanywea, na zile 0.02 zinakuja kwako kama nafasi ya ziada kwenye kila jeno. Ongeza na kupiga msasa wa mwisho kwa mkono mzito kidogo, na umeshafika 0.04 pasipo mtu yeyote kukosea kwa makusudi.

Kwa hiyo krenki ikirudi, ipime mwenyewe ikiwa imelala usiku mmoja kwenye chumba kimoja na maikromita. Pima kila jeno mahali pawili kwa urefu na mara mbili kwa kuzunguka, ili uone kama imechongoka upande mmoja au imekuwa yai. Angalia mgongo wa beringi: utakuta STD (saizi ya kiwandani), au 0.25, 0.50 na kuendelea, yaani milimita zilizoshushwa kwenye krenki. Usiamini boksi. Maboksi yanachanganywa dukani, na beringi bandia huja na maandishi safi kuliko halisi. Ukifunga beringi ya STD kwenye krenki iliyoshushwa 0.25, injini itagonga siku hiyo hiyo na hutahitaji mwongozo huu. Tofauti ya sehemu tatu au nne za mia za milimita ndiyo inayopita kimyakimya.

Kama injini tayari imefungwa, uzi wa plastiki wa kupimia, ule unaojulikana kwa jina la Plastigauge, utakusaidia bila kutoa krenki. Kausha jeno na beringi kabisa, laza kipande cha uzi kwenye jeno, funga kepu kwa toki kamili (nguvu ya kukaza boliti), fungua, linganisha upana na karatasi yake. Usizungushe krenki uzi ukiwa ndani. Toki kamili kwenye 6BT ni Nm 176 kwa boliti za men beringi, kwa kupanda hatua tatu za 60, 119 na 176, na Nm 100 kwa konrodi kwa hatua za 35, 70 na 100. Ukikaza kwa mkono na “kuhisi”, kipimo ulichopata ni cha mkono wako.

Ukiwa hapo chini, soma namba za kepu. Kila kepu ilichongwa ikiwa imefungwa mahali pake. Kepu ya tatu ikikaa kwenye ya tano, au ikigeuzwa nyuma mbele, tundu si duara tena: beringi itabana upande mmoja na kumwaga oili upande mwingine. Konrodi zilizowahi kunoki nazo tundu lake kubwa hubadilika umbo, na beringi mpya ndani yake haishikwi sawasawa hata kama krenki ni kamilifu.

Kisha geukia mambo mawili ambayo mafundi wengi wa 6BT huyapita. La kwanza ni nozeli za kupozea pistoni. Kwenye nyingi za injini hizi zimepigwa ndani ya bloku, kwenye vikalio vya men beringi, na zinarusha oili chini ya pistoni. Ni vitu vidogo, na bloku ikitobolewa upya mstari wa men beringi au ikioshwa kwa nguvu, inaweza kutoka moja na kuingia kwenye takataka. Tundu linabaki wazi, kubwa kuliko nozeli, likimwaga oili saa zote. Zihesabu ukiwa na tochi. La pili ni bushi ya kamshafti. Kiwandani 6BT huwekewa bushi kwenye tundu la mbele tu, mengine kamshafti inazunguka kwenye chuma cha bloku chenyewe. Fundi anabadilisha bushi ya mbele na kudhani amemaliza, wakati matundu ya katikati yamelika. Yakilika yanatobolewa na kuwekewa bushi, na tundu la oili la bushi lazima likae sawa na la bloku.

Neno moja la tahadhari kabla ya kuondoka kwenye beringi. Geji inasoma njia kuu, haisomi beringi. Nusu ya juu ya men beringi ina tundu na mfereji, ya chini haina. Mtu akizibadilisha, oili haifiki kwenye krenki kabisa, na kwa kuwa haitoki, presha itaonekana nzuri mno hadi injini inaponoki. Presha iliyo juu kuliko ulivyotarajia kwenye injini mpya nayo ni dalili.

Kutafuta tundu kwa macho

Kwenye fremu ya jenereta sampu mara nyingi haitoki bila kuinua injini, na hiyo ndiyo sababu ya kumaliza kila kinachoangalika kwa nje kwanza. Lakini ukishainua na kutoa sampu, usianze kufungua kepu moja moja kwa kubahatisha. Tumia tangi la presha.

Unahitaji chombo kilichotengenezwa kuhimili presha, kwa mfano tangi la rangi la mafundi wa kupuliza magari, si ndoo iliyochomelewa mfuniko. Weka lita kadhaa za oili nyepesi na safi, unganisha bomba lake kwenye tundu la geji kwenye njia kuu, leta hewa ya kompresa bar 2 hadi 3. Lala chini na taa. Beringi nzima inadondosha matone ya haraka au kamba nyembamba ya oili kwenye kingo zake. Beringi yenye nafasi kubwa inamwaga pazia. Nozeli iliyotoka inarusha mkondo mnene usiokatika, na plagi iliyosahauliwa huwezi kuikosa. Zungusha krenki robo mzunguko mara kadhaa, maana matundu ya krenki yakikutana na mfereji wa beringi, mtiririko kwenye konrodi unabadilika na unaweza kukudanganya ukiangalia mahali pamoja tu.

Kazi hii inachukua nusu siku pamoja na matayarisho na inakuambia ukweli ambao kufungua na kufunga kwa siku tatu hakutakuambia. Sielewi kwa nini karakana nyingi hazina kifaa hiki.

Mshale unacheza

Presha inayopanda na kushuka kwa mtetemo, hasa mzigo ukiingia au kutoka, ni hewa. Upande wa kuingia, basi.

Anza na kiasi cha oili, na usiiamini dipstiki. 6BT zimefungwa kwenye malori, mashine za ujenzi, boti na jenereta, kila moja na sampu na dipstiki yake. Wakati wa kutafuta spea, dipstiki ya lori inaingia kwenye jenereta na alama ya juu inakuwa ya uongo. Mwaga oili yote, badilisha filta, pima unachorudisha. Sampu za jenereta hizi kwa kawaida hubeba lita 14 hadi 16 pamoja na filta. Ukipima na kukuta alama haikubaliani, piga alama mpya. Iliyozidi nayo ni mbaya: krenki inaichapa oili, povu linaingia kwenye pampu.

Kiasi kikiwa sawa, ni bomba la kufyonzea. Gasketi yake mahali linapokutana na bloku ikipasuka au boliti zikilegea, pampu inanyonya hewa pamoja na oili. Bomba lililopindwa wakati wa kuosha halikai bapa tena, na silikoni haitalitibu.

Na kwa kuwa nimeitaja silikoni. Gasketi ya tyubu ni rafiki wa mtu mwenye haraka. Unene unaobanwa kwenda nje unaonekana na kufutwa. Sawa na huo umebanwa kwenda ndani, unakatika, unaelea, na stena (chujio la mdomo wa bomba la kufyonzea) inaukusanya. Stena iliyozibwa nusu kwa utando wa silikoni itatoa presha nzuri injini ikizunguka polepole na presha mbovu kwenye 1500. Kipande kidogo kikipita kinaweza kukaa chini ya valvu ya presha na kuishikilia wazi. Mstari mwembamba unatosha. Sampu iliyopinda inanyooshwa kwanza.

Ilikuwa nzuri, halafu ikashuka baada ya saa kadhaa

Chukua filta, ikate kwa kikata-filta, si kwa msumeno unaoongeza chuma chake mwenyewe, tandaza karatasi yake juani. Vumbi linalong'aa kama fedha na halishikwi na sumaku linaweza kuwa tabaka la juu la beringi au alumini ya pistoni. Rangi ya shaba inamaanisha beringi imeshaliwa hadi ndani, au bushi. Chuma kinachoruka kwenye sumaku kinatoka kwenye gia, krenki au kamshafti. Nyuzi za tambara zinatoka kwa aliyefuta.

Kama ni beringi iliyoliwa mapema hivyo, uchafu ulikuwepo kabla ya kuwasha. Krenki iliyochongwa ina unga wa jiwe ndani ya njia zake za oili, na kuipuliza kwa hewa hakutoshi. Inapigwa brashi ndefu na dizeli, tundu moja baada ya jingine, kisha hewa, kisha brashi tena, hadi kitambaa cheupe kipite na kutoka cheupe. Kula (kipoza oili) ya injini iliyonoki nayo imejaa vyuma vya injini ya zamani katikati ya bamba zake na haisafishiki kwa uhakika. Kuihamishia kwenye injini mpya ni kuhamisha ugonjwa.

Oili inaongezeka yenyewe

Dipstiki inapanda na hakuna aliyeongeza, presha inashuka kila siku kidogo. Ni dizeli. Nusa, kisha weka tone la oili hiyo na tone la oili mpya juu ya kioo kilichoinama. La dizeli litakimbia mbele. Kwenye 6BT tafuta pampu ndogo ya kuvutia dizeli, nozeli zinazodondosha, na kama injekta pampu ni ya Bosch aina ya VE, sili ya shafti yake, maana ikipasuka dizeli inaingia kwenye kava ya gia na kushuka moja kwa moja kwenye sampu.

Sababu nyingine haiko kwenye spea. Jenereta iliyofungwa upya inawashwa bila mzigo masaa mengi “ili ilainike”. Ringi mpya zinahitaji presha ya mwako ili zikae kwenye ukuta wa silinda. Bila mzigo zinateleza, ukuta unakuwa kioo, dizeli isiyoungua inapita kwenda chini. Ipe mzigo wa nusu hadi robo tatu mapema, na ubadilishe oili ya kwanza kwenye saa 50.

Oili ya rangi ya chai ya maziwa ni maji. Pima kipoza oili na gasketi ya silinda hedi. Hilo ni somo jingine.

Kuweka washa (pete bapa ya chuma) nyuma ya springi

Valvu ya kupunguza presha kwenye 6BT iko upande wa kichwa cha filta, inafunguliwa kwa nje kwa dakika chache, kwa hiyo ifungue mapema. Pistoni yake iteleze kwa uzito wake yenyewe, isiwe na mikwaruzo wala kipande chini yake.

Kisha mtu atapendekeza kuweka washa nyuma ya springi. Fikiri: valvu hii inafunguka presha ikifika karibu bar 4.5. Injini yako ina bar 1.4. Kama ni nzima, imefungwa tayari, na kuibana zaidi hakuongezi kitu. Kama imeshikwa wazi, dawa ni kuisafisha. Washa itafanya kazi asubuhi tu, oili ikiwa nzito, ambapo itapandisha presha hadi filta ivimbe au gasketi yake itoke.

Kabla ya kuirudisha kwenye auto

Jenereta ya dharura ina ukatili wake: umeme ukikatika inawaka na kupanda hadi 1500 kwa sekunde chache, kisha inapigwa mzigo, pasipo kupashwa moto. Filta isiyo na valvu ya kuzuia oili kurudi itaacha njia kuu tupu kila inapolala, na beringi zitalipa kila inapoamka. Funga filta inayostahili hata kama ya bei rahisi inaingia kwenye uzi ule ule.

Iendeshe kwa mkono masaa mawili na mzigo, geji ya mshale ikiwa bado imefungwa. Ikikaa juu ya bar 2.1 ikiwa na moto, rudisha sensa, hakikisha paneli inasoma sawa na geji, na pandisha onyo la paneli hadi karibu bar 2 badala ya kuliacha pale kiwanda kilipoliweka. Ndani ya mlango wa paneli andika kwa kalamu ya kudumu presha ya baridi, presha ya moto, joto la maji, mzigo uliokuwepo, aina ya oili na usomaji wa mita ya masaa.